Yatima Waliokuwa na Mama

Vijana wa pale kwenye kibanda cha chai waliniita Mama Mbuzi. Sikukasirika. Katika bulla yetu, yaani mtaa wetu pale Garissa, mbuzi akifa akizaa, au akimkataa mtoto wake, mtoto huyo aliletwa kwangu, nami nilikuwa na chupa ya soda yenye chuchu ya mpira na subira ya kutosha. Wakiniona nimebeba kitoto cha mbuzi ndani ya shati, waliniuliza kama nimejifungua salama. Niliwajibu: salama, alhamdulillahi, ni wa kiume, leteni sukari. Nilikuwa na miaka ishirini, nimesoma hadi darasa la nane na kuishia hapo, nikicheka ovyo na kuota ndoto mchana kweupe. Nasema haya mapema kwa sababu ninayoyasimulia hayakufanywa na mtu katili. Ningekuwa katili, labda nisingeona aibu kiasi hiki.

Mama yangu, ambaye kwa lugha yetu namwita Hooyo, aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Madumu ya manjano yalifika kwa lori asubuhi kutoka maporini, naye alilinusa kila dumu kabla ya kulipokea, kama daktari anayesikiliza kifua. Yeye alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo, akalelewa na jamaa kule Banissa. Wakati wa kula, watoto wa nyumba ile walipewa mnofu, naye akapewa mifupa waliyokwisha kuiguguna. Hakulalamika, lakini alipopata nyumba yake aliweka sheria moja isiyo na mjadala: yatima halishwi mfupa. Anapewa kwanza, tena anapewa laini. Baba alifariki nikiwa bado natambaa, kwa hiyo sheria ile ilinilea mimi pia. Nimekua kwa maini na nyama ya nundu, jamaa wakinicheka kwamba meno yangu hayana kazi.

Kila ukame ulipokaza, Hooyo alinituma kwa ayeeyo, bibi mzaa baba, upande wa Ijara, nikamsaidie kuteka maji ya mbuzi. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, nilifika kule nikashangaa kuona mbuzi wanapelekwa malishoni kwa njia ndefu ya kuzunguka, na huku korongo lenye majani mabichi liko karibu na boma. Nikamuuliza ayeeyo kama siku hizi mbuzi wake wanafanya mazoezi.

Akaniambia duma amezaa mle korongoni. Yuko kwenye arobaini yake, hasumbuliwi.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Mwaka jana alinilia mbuzi wawili,” akasema. “Mwizi ni mwizi. Lakini mzazi ni mzazi. Arobaini ikiisha tutagombana naye kama kawaida.”

Alasiri ile akanipeleka kwenye mawe yaliyo mbali kidogo, tukalala kifudifudi, bibi na mjukuu, kama watoto wanaochungulia harusi. Nikamwona duma amejinyoosha kivulini, na juu yake wanapanda vitoto vitatu. Migongo yao ilikuwa na manyoya marefu ya kijivu kama ya nyegere, na kutoka kila jicho ulishuka mstari mweusi, utadhani wamelia wino. Ayeeyo alijua saa zake zote. Jua likichomoza mama anakwenda kuwinda, akanieleza, na akirudi anawaita kwa sauti ya ndege, nao wanajibu kama vifaranga. Alinieleza hayo kama mtu anayesimulia habari za jirani anayempenda kidogo na kumwogopa kidogo. Hakuniambia nisimwambie mtu. Hakuona haja.

Niliporudi Garissa niliisimulia hadithi ile kibandani mara tatu, na kila mara niliiongeza chumvi. Mara ya tatu alikuwepo tajiri mmoja mwenye landikruza yenye mapazia. Watu walimjua kama muuza mbuzi, lakini nyuma ya nyumba yake, chini ya mabeseni na ndani ya makreti, alifuga kobe, komba, vifaranga vya mbuni na digidigi mmoja aliyekuwa akitetemeka saa zote. Wote walikuwa safarini. Walipitishwa Diff, wakavushwa mpaka, wakaingizwa majahazini kwenda kwa watu wa Arabuni waliotaka mnyama ambaye jirani zao hawana. Watu wale wameshiba magari, aliwahi kusema, sasa wanataka kitu kinachopumua.

“Waryaa, Mama Mbuzi,” akaniita. “Hiyo hadithi umeiona au umeiota?”

“Nimeiona, adeer.” Ndivyo tunavyomwita mtu wa umri wa baba.

“Unaweza kuiona tena?”

Nilielewa mara moja anachotaka. Sitajifanya kwamba nilidanganywa. Nilichekacheka nikasema ayeeyo atanichinja. Ndipo akatoa picha mfukoni. Kijana wa rika langu, kanzu nyeupe kama maziwa, ameketi ndani ya gari lisilo na paa, na kando yake ameketi duma mwenye ukosi wa ngozi. Duma yule alikuwa ametazama mbele, kama abiria aliyelipa nauli. Tajiri akaniambia wanyama hawa hufa njiani kwa sababu ya huzuni. Wanahitaji mkono wanaoujua. Mimi nitawalea mpaka wakomae kidogo, kisha nitasafiri nao, na huko nitabaki kuwa mlezi wao, nikilala kwenye chumba chenye hewa ya baridi.

Siku ileile nilikwenda studio kupiga picha ya pasipoti. Nilivalishwa koti la studio, ambalo lilikuwa kubwa kwangu, mpiga picha akalikaza kwa nyuma na vibanio vya nguo. Kwa mbele nilionekana balozi.

Tulikwenda baada ya siku tatu, tajiri na mimi tu. Njia ya korongoni inapita mahali ambapo boma la ayeeyo linaonekana. Jua lilikuwa limechomoza, moshi wake wa chai ulikuwa unapanda, na nilimwona yeye mwenyewe, au kitambaa chake, akitembea kati ya mbuzi. Kwetu mtu hapiti nyumba ya bibi yake bila kushuka na kunywa maziwa, labda awe anakimbizwa na maadui. Niliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Tajiri alibaki ndani ya gari akitafuna miraa. Mimi niliingia korongoni na gunia. Mama hakuwepo, kama nilivyojua hatakuwepo. Vitoto vilinikoromea na kutema mate, vikiwa vimesimamisha ile migongo yao ya nyegere ili nidhani ni wakubwa. Niliwasemesha kwa sauti ninayowasemesha nayo mbuzi. Mmoja alinyamaza akanusa kidole changu. Niliwaweka guniani mmoja mmoja, taratibu, na kwa kweli nakumbuka nilikuwa nikisema pole, pole, pole.

Nilikuwa nimekaribia gari niliposikia ndege akiita nyuma yangu, mara moja, kisha mara mbili. Ndani ya gunia wakaanza kujibu. Nilijua si ndege. Nikaongeza mwendo.

Nyumbani nilimwambia Hooyo kwamba wachungaji wamemchoma mkuki mama yao na tajiri amewaokoa. Maneno hayo yalinitoka kwa urahisi uliokuwa unanitisha, kama nimeyakariri madrasa. Hooyo alishika kifua.

“Hawa ni yatima?”

“Ndiyo, Hooyo.”

Basi ikawa imekwisha. Nyumba yetu ilikuwa na chumba cha mabati cha kuwekea madumu. Siku ileile aliyahamisha madumu yake yakakaa juani, akafagia, akatandika mkeka. Maziwa bora ya asubuhi, yale ya wateja wake wa siku zote, akayatenga kwanza kwa ajili yao. Sheria ya nyumba ikaanza kazi.

Yule mdogo kabisa alikufa siku ya nne. Alikataa chupa, akalala, hakuamka. Nilimzika kando ya ua na nikalia kwa kwikwi, na Hooyo akanifariji, akisema Mungu humchukua yatima kumpeleka kwa mama yake. Sikuweza kumtazama usoni.

Walibaki wawili, dume na jike. Na hapa ndipo penye kunitatiza ninapoandika, kwa maana miezi ile miwili ilikuwa ya furaha. Walinifahamu kwa hatua. Wakishiba walilala juu ya kifua changu na kukoroma kama stovu ya mafuta ya taa, na mtetemo ule ulinipenya mpaka mgongoni. Jike alikuwa mchokozi. Alijificha nyuma ya gunia la unga na kunirukia vifundoni, kisha anaketi na kujifanya hakuwa yeye. Dume alipenda kunyonya pindo la shati langu. Niliwaeleza habari za Arabuni. Niliwaambia tutapanda jahazi, wasiogope, nitawashika. Nadhani nilikuwa najiambia mwenyewe.

Walipoota meno ya kutosha tuliongeza nyama. Kila siku nilikwenda buchani kuchukua mnofu wa ngamia usio na hata gegedu, maini, na mafuta ya nundu. Muuza nyama, ambaye hakujua siri, alidhani tumepata wageni wakubwa. Akaniuliza kama hao mashemeji wataondoka lini, au wameoa pale pale. Hooyo aliikata nyama ile vipande vidogo kwa kisu, akiondoa kila kamba, kila ngozi, kila kisichokuwa laini. Siku moja jike alikuta mfupa wa mbavu uani akaukimbilia na kuuvuta kwa miguu yote minne, akinguruma. Hooyo alimnyang’anya. Alikuwa na machozi. Akasema hapana, mama, hapa kwetu huli hiyo.

Wakaanza kutembea vibaya. Kwanza nilidhani ni uvivu. Dume alikuwa anaacha kucheza na kulala mapema. Miguu ya mbele ya jike ilianza kupinda nje, kama ya mtoto aliyebebwa sana mgongoni. Hooyo aliipaka mafuta ya simsim na kuinyoosha, kama anavyofanyiwa mtoto mchanga, akaongeza maziwa, akaongeza maini. Tajiri alipokuja kuwakagua nilihakikisha wamelala, nikamwambia wamecheza wamechoka. Aliitikia kwa kichwa, akasema wanapendeza, baada ya wiki mbili tutaondoka. Niliogopa kumwambia, si kwa ajili yao. Niliogopa atasema safari imevunjika.

Asubuhi moja jike aliruka kutoka juu ya gunia la unga. Gunia lenyewe halifiki hata kiunoni. Alianguka, nikasikia kitu kama kijiti kibichi kinavunjwa, kisha kilio ambacho sijapata kusikia kwa mbuzi wala kwa mtu. Mguu wa mbele ulikuwa umening’inia.

Nilikimbia hadi ofisi ya mifugo. Daktari wa mifugo alikuwa mtu wa bara, mtulivu, aliyeletwa kwetu kikazi na ambaye kila Jumapili alivaa tai katika joto lile. Nilimwambia paka wetu amevunjika mguu. Akauliza ni paka wa aina gani. Nikasema mkubwa kidogo. Aliniangalia kwa muda, akachukua mkoba wake, akasema twende tukaone huyo mkubwa kidogo.

Aliingia chumba cha mabati. Alipiga magoti juu ya mkeka, akamfunga jike mguu kwa vijiti na bendeji, kisha akaipapasa miguu yake mingine, na uti wa mgongo, na taya. Akampapasa na dume. Alipapasa polepole, na uso wake ukawa unabadilika.

“Hii inakula nini?”

Hooyo alijibu kabla yangu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambamo kila p hugeuka b, na kwa fahari. “Nawaba maini, daktari. Maziwa, nundu, nyama laini tubu. Mfuba hata moja hawajaonja.”

Daktari akaketi juu ya visigino vyake. Nilidhani atatusifu.

“Mama,” akasema, “mumewalisha kama mashemeji. Mama yao angewaletea swala mzima, na mbavu zake, na ngozi. Hiyo mifupa midogo wanayotafuna ndiyo inajenga miguu. Nyama peke yake haina kitu ya kujenga mfupa. Hii miguu ni laini kama mishumaa.”

Hooyo hakuelewa mara moja. Nilimweleza kwa Kisomali. Nilipofika kwenye neno mfupa, aliweka mkono mdomoni, na nikaona anarudi mbali sana, kwenye ile nyumba ya Banissa alikolishwa mifupa.

Daktari akauliza mama yao amekufaje. Nikasema mkuki. Akauliza nani alimchoma, wapi, lini, ngozi yake iko wapi. Hakuniuliza kwa ukali. Nilijibu la kwanza, nikajibu la pili, la tatu nikatazama chini.  Hooyo alikuwa ameacha kumtazama daktari, ananitazama mimi.

“Wana mama?” akaniuliza, kwa Kisomali.

 Alinisubiri, kama anavyomsubiri mteja aliyesema uongo kuhusu deni. Halafu akasema, taratibu sana:

“Mimi nilikuwa yatima kweli.”

Akatoka nje. Nilimsikia akipanga madumu yake, akiyapanga tena.

Daktari alinipa nafasi ambayo sikustahili. Alisema yeye ni mtu wa serikali na lazima aripoti, lakini atafanya hivyo kesho adhuhuri. Kabla ya hapo, kama mimi mwenyewe nitawapeleka wote wawili kwenye kituo cha askari wa wanyama pori, atasema nilikuja kwa hiari. Wakipewa mifupa na dawa mapema, dume anaweza kunyooka karibu kabisa. Jike hatakuwa sawa tena, lakini ataishi. Aliniachia unga mweupe wa kuchanganya na nyama, akaninong’oneza kijana, usikawie, kila siku ina maana.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kituoni. Kituo kilikuwa upande wa kushoto nikitoka nyumbani, na nilitoka nyumbani nikiwa na nia hiyo. Lakini mfukoni nilikuwa na zile picha nne za koti la balozi, na miguu yangu, ambayo haikuwa imepinda, ilikwenda kulia. Nilimwambia tajiri kila kitu. Nilijidanganya kwamba Arabuni kuna madaktari wakubwa zaidi.

Alifika alasiri ileile na kreti. Aliwapapasa kama anavyopapasa mbuzi sokoni, akafungua vinywa, akavuta mikia. Kisha akamsukuma jike kando kwa mgongo wa mkono. Huyu ni wa fisi, akasema. Akamsimamisha dume, akamtazama akitembea hatua tano, akasema huyu anaweza kuuzwa akiwa ameketi.

Dume alikataa kuingia kwenye kreti. Alishika mbao kwa makucha, akalia kama kifaranga. Tajiri alitafuta fimbo. Nikasema ngoja, adeer. Nikavua shati langu, nikaliweka ndani. Akanusa, akanitazama, akaingia mwenyewe. Alishika pindo mdomoni na kuanza kulinyonya.

“Na mimi, adeer?” nikauliza. “Naleta nguo zangu?”

“Wewe una pasipoti?”

“Nina picha.”

Alicheka, na hakucheka kwa ubaya, alicheka kama unavyomcheka mtoto aliyesema ataoa mwezi. Akasema safari hii ni ya haraka, nitaenda na watakaofuata. Kwa sasa kazi yangu ni kujua tu wanakozaliwa. Nikashika dirisha la gari. Nikamwambia ampe mifupa, mifupa midogo, mbavu za mbuzi zinatosha. Akasema sawasawa. Landikruza ilishika njia ya Diff, mapazia yamefungwa, na mimi nimesimama barabarani kifua wazi.

Jike nilimpeleka kituoni asubuhi, nimembeba mikononi. Askari aliuliza nilimpata wapi. Nikasema nilimwokota barabara ya Dadaab. Daktari wa mifugo alikuwa amesimama pale mlangoni, tayari amekuja. Alinitazama, akatazama mikono yangu, akahesabu: mmoja.  Alimpokea yule jike kutoka kwangu, akamgeuza ili mguu uliofungwa usibanwe, akaondoka naye ndani. Tulikutana mara nyingi sokoni baada ya hapo, na hakuwahi tena kuniita kijana kwa ule upole wake. Alinisalimu tu.

Nilikwenda Ijara baada ya mvua. Nilikwenda kukiri, Mungu ni shahidi, na njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno. Ayeeyo alinikaribisha kwa maziwa, na kabla sijameza funda la kwanza akaanza mwenyewe habari za jirani yake. Wanawe walitoweka hata arobaini haijaisha, akasema. Alizunguka boma siku nyingi akiita, mchana kweupe, karibu kabisa, bila kumwogopa mbwa wala mtu, na hakugusa mbuzi. Mbuzi wenyewe wakawa hawamkimbii tena. Kisha hakuonekana. Ayeeyo alikuwa amewakemea wachungaji mmoja baada ya mwingine, akiwashuku, na mmoja wao aliondoka kwa hasira kwa sababu ya kushukiwa.

“Unadhani ni nini kiliwachukua?” akaniuliza.

Nikasema labda ni fisi.

Akafikiri. Akasema labda. Akanijazia kikombe.

Mpaka leo anaamini ni fisi. Ayeeyo hajui kusoma, na najua hajui, ndiyo sababu naweza kuandika haya.

Habari za dume sikuzipata. Tajiri alirudi, akauza mbuzi, akanisalimu kwa jina langu la utani. Sikumuuliza. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumuuliza, na kila mara nilijipa shughuli. Alipokuja kutaka nimwonyeshe korongo jingine, nilimwambia nimesahau njia. Sikumwambia hapana. Hata hilo nilishindwa.

Jike, nilisikia kwa askari mmoja, alipelekwa Nairobi, mahali ambapo wanyama walioharibika hutunzwa na watu hulipa kuwatazama. Mwaka uliofuata nilipanda lori la mbuzi nikaenda. Niliuliza, nikaonyeshwa. Alikuwa amekua. Yale manyoya ya mgongoni yalikuwa yameondoka, madoa yamekaa mahali pake, mstari wa macho mweusi kabisa. Alikuwa amelala kwenye nyasi, na akiwa amelala hivyo ungeapa ni duma kama duma wengine. Niliita kwa sauti ya ndege, ile niliyojifunza kwao. Sikio moja likageuka. Kisha akainuka, akaja kuelekea uzioni, na nikaona anavyokuja: kifua kiko chini, miguu ya mbele imeachana kama ya benchi bovu, kila hatua akiipanga kwanza. Mnyama ambaye watu husema hakuna anayemshinda mbio.

Kando yangu alikuwa amesimama mtoto wa kike, wa miaka saba hivi, na baba yake. Mtoto akauliza mbona anatembea vile. Baba akasema amezaliwa hivyo.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na mazoezi.

“Hakuzaliwa hivyo,” nikasema. “Mimi ndiye niliyemfanya hivyo.”

Baba alinipima kwa macho, kikoi changu, kandambili zangu, akamshika mtoto bega. Lakini mtoto alikuwa hajamaliza.

“Ulimpiga?”

“Hapana.”

“Ulimfanya nini?”

“Nilimlisha.”

Alinikunjia uso, akisubiri niseme kilichobaki. Baba akasema haya, twende tukaone nyani. Wakaondoka, mtoto akigeuka nyuma mara kwa mara. Jike alikuwa amefika uzioni. Alinusa vidole vyangu kupitia kwenye waya, akanusa tena, kisha akajilaza pale pale, ubavu wake ukigusa nyaya, akaanza kukoroma. Mlinzi akaja akaniambia niondoe mkono, wanyama hawa ni hatari. Nikauondoa.